Maswali Yenu: Sura ya mgombea akiwa kwenye mdahalo

Tulivyotangaza kwamba safari hii tutaongelea midahalo ya wagombea na vile wanavyokaa, wanavyonuna, wanavyocheka na kukodoleana macho, meseji zimemiminika mpaka nimeshindwa kuzipanga. Nimechukua hizi ambazo naona zinagusa wengi, majina nimeyaacha, nimeweka mahali tu na kazi ya mtu.

Fundi cherehani, Morogoro: Kijiweni kwetu kuna jamaa anasema mwaka 1960 Wamarekani walichagua rais kwa ajili ya suti na poda, eti waliosikiliza redio walisema Nixon kashinda, walioangalia TV wakasema Kennedy. Mi kama fundi hiyo ya suti imenishika, ni kweli au ni maneno ya kijiweni tu?

Fundi wangu, ya suti ni kweli kabisa na wewe utaielewa kuliko wengi. Mdahalo ulifanyika Chicago tarehe 26 Septemba 1960, studio ya CBS, na watu walikuwa wanaangalia TV za nyeusi na nyeupe, ukuta wa nyuma kijivu. Nixon akaja na suti ya kijivu kilichopauka, kwa hiyo ukiangalia ile picha mwili wake kama unazama ukutani, kinachobaki ni uso na kola ya shati, na hiyo kola yenyewe imempwaya. Imempwaya kwa sababu bwana huyu alikuwa ametoka hospitali siku si nyingi, goti lilipata maambukizi baada ya kujigonga kwenye mlango wa gari, akalazwa karibu wiki mbili, akakonda, halafu siku yenyewe ya mdahalo anashuka kwenye gari akaligonga tena goti lilelile. Mekapu ya maana akaikataa, wakampaka tu kitu cha kuficha ndevu zinazoanza kuota, taa zikawaka, jasho likaanza kuchuruzika kidevuni, dunia nzima ikaona anavyojifuta. Mwenzake Kennedy alikuja na suti iliyokolea, ngozi imeiva kwa jua, kakaa katulia anamtazama Nixon akiongea.

Sasa hebu angalia, hapo hamna hata kitu kimoja kinachokwambia Nixon ana sera nzuri au mbaya. Goti linauma, shati limepwaya, ukuta umefanana na suti, basi. Lakini watu zaidi ya milioni 60 waliokuwa wanaangalia wengi wao walisoma vyote hivyo kama woga wa mtu asiyejiamini, na hili nataka ulishike maana nitalirudia kwa wengine humu ndani: mwili ulionyesha kitu cha kweli (mtu alikuwa mgonjwa kweli), ila sababu watu walijitungia wenyewe.

Ya redio ndo ina walakini. Imetokana zaidi na uchunguzi wa kampuni moja ya kura za maoni, na waliosikiliza redio kwenye uchunguzi huo walikuwa wachache, mia kadhaa tu, tena inadhaniwa wasikilizaji wa redio wakati ule wengi ni watu wa vijijini, na huko inawezekana kabisa Nixon alikuwa na watu wake hata kabla hajafungua mdomo. Lakini pia usikatae moja kwa moja. Mwaka 2003 mtafiti James Druckman alichukua watu ambao hawakuwa na habari na huo mdahalo, wengine akawawekea sauti tupu wengine video, na walioona video ndo walioelekea zaidi kusema Kennedy kashinda. Kwa hiyo picha ina nguvu yake. Ila uchaguzi wenyewe, kura karibu milioni 69, tofauti ilikuwa laki moja na ushee tu, na mwaka ule kulikuwa na hoja ya Kennedy kuwa Mkatoliki, kulikuwa na uchumi, kulikuwa na Warusi, sasa suti peke yake utaibebeshaje mzigo wote huo? Mwambie jamaa yako pia midahalo ilikuwa minne, na Nixon kwenye iliyofuata alikuja na mekapu na afya imerudi. Alipogombea tena 1968 na 1972 hakukanyaga mdahaloni, na Wamarekani walikaa bila mdahalo wa urais kwenye TV mpaka 1976.

Mwalimu mstaafu, Tanga: Mwanangu, wajukuu zangu wananionyesha video za watu wanaojiita wataalamu wa lugha ya mwili. Wanasimamisha picha, wanachora duara jekundu kwenye jicho la mgombea, wanasema hapa amedanganya kwa kuwa ameangalia chini, au amegusa pua. Wanasema pia asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili, maneno ni asilimia 7. Mimi nimefundisha maisha yangu yote, na mtoto akiangalia chini mbele yangu nilijua ananiheshimu. Nani yuko sahihi?

Shikamoo mwalimu. Wewe uko sahihi, na wajukuu uwaambie nimesema hivyo.

Nianze na hiyo 93 maana inanikera kweli, inafundishwa mpaka kwenye semina za kulipia. Imetoka kwa mwanasaikolojia Albert Mehrabian, mwaka 1967, na alichopima yeye ni kitu kidogo sana: mtu anasikia neno mojamoja likisemwa kwa sauti ya upole au ya chuki, au anaonyeshwa na picha ya uso, halafu anaulizwa unadhani huyu msemaji anampenda au hampendi anayeongea naye. Hakuna hotuba pale, hakuna hoja wala bajeti. Mehrabian mwenyewe ameshasema hesabu yake inahusu mambo ya hisia na kupendana tu. Ingekuwa kweli maneno ni asilimia 7, mwalimu, tungezima sauti ya TV usiku wa mdahalo tukaamka asubuhi tunajua mgombea gani anapandisha kodi ya mafuta.

Kuhusu uongo, mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya tafiti nyingi sana za watu kujaribu kumtambua mwongo kwa kumwangalia na kumsikiliza, wastani ukatoka asilimia 54. Ukirusha shilingi unapata 50. Na hiyo imani ya macho iko dunia nzima, watafiti wameuliza kwenye nchi zaidi ya 50 na jibu linaloongoza karibu kila mahali ni kwamba mwongo hakuangalii usoni, wakati zikipimwa dalili zenyewe macho hayaonyeshi chochote cha maana. Halafu kwa mwanasiasa ndo inakuwa mbaya zaidi kwa sababu macho ni kitu cha kwanza anachofundishwa akiajiri mshauri, kwa hiyo yule mwenye uzoefu wa kudanganya atakukazia macho mpaka wewe ndo uangalie pembeni, na yule mama wa watu aliyelelewa kuinamisha macho mbele ya wakubwa ndo anachorewa duara jekundu.

Wapo wanaosema uso wa binadamu ni uleule kila mahali. Hiyo inatokana sana na mwanasaikolojia Paul Ekman, aliyeenda Papua New Guinea miaka ya 60 na picha za nyuso, akaja kutengeneza na mwenzake Wallace Friesen mfumo wa kuhesabu kila msuli wa uso unavyosogea, mwaka 1978. Mfumo wa kuhesabu misuli ni mzuri na unatumika mpaka leo, mi nauheshimu. Tatizo linaanza unapotoka kwenye msuli kwenda kwenye moyo. Lisa Feldman Barrett na wenzake walipitia tafiti nyingi mwaka 2019 na wakaona kwamba mtu mwenye hasira anakunja uso kama asilimia 30 ya mara anazokasirika, zaidi ya nusu ya mara uso wake unafanya kitu kingine, na watu wanakunja uso pia wakiwa wanafikiri sana, au tumbo linasokota, au taa inawapiga machoni. Sasa studio ina taa ngapi mwalimu?

Mfanyabiashara wa mitumba, Mombasa: Mimi midahalo naifuatilia sana, ya hapa Kenya na ya Marekani pia. Naona wagombea huharibu si wakati wa kuongea bali mwenzao anapoongea. Mtu anasonya, anacheka, anatikisa kichwa, anageuza macho juu. Kwani washauri wao hawawaambii? Na kwa nini sisi tunakumbuka hayo kuliko walichosema?

Dada yangu, umegusa penyewe, na jibu lake ni refu kidogo maana hapa ndo kiini cha mambo yote.

Mtu akiongea anakuwa na kazi ya kufanya, ana sentensi ya kumalizia, mikono inafuata maneno. Akinyamaza kusikiliza hana kazi, na mpinzani anayeongea anamtukana rekodi yake mbele ya nchi nzima, kwa hiyo uso unaachwa wenyewe. Tarehe 3 Oktoba 2000, Boston, mgombea urais Al Gore alikuwa anapumua kwa nguvu kila mpinzani wake George W. Bush akisema kitu asichokubaliana nacho, zile pumzi za kuchoshwa na mtu, na maiki ikazinasa. Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba kura za maoni za usiku uleule zilimpa Gore ushindi! Watu waliouona mdahalo mzima wakasikia hoja kwanza, pumzi wakazipita. Siku zilizofuata TV zikakata zile pumzi zikazipanga moja baada ya nyingine, watu wakaziona hizo tu, na hukumu ikageuka. Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini tunakumbuka uso kuliko maneno, sehemu kubwa ni kwamba uso unakatika vizuri kuwa klipu ya sekunde tano na hoja ya bima ya afya haikatiki. Wakati ule ilibidi wahariri wa TV wafanye hiyo kazi, leo anaifanya kijana yeyote mwenye simu kabla mdahalo haujaisha.

Miaka minne baadaye ikawa zamu ya Bush mwenyewe. Tarehe 30 Septemba 2004, Coral Gables kule Florida, mpinzani wake John Kerry anaongea, TV zimegawanya skrini mara mbili, Bush anaonekana upande wa pili ananuna, anakunja midomo, anakereka. Na hapa sikiliza vizuri: timu zote mbili zilikuwa zimeandikiana mkataba wa kurasa 32, na ndani yake kuna kifungu kwamba asiyeongea asionyeshwe. Mashirika ya habari yakasema sisi hatukusaini huo mkataba, wakaonyesha. Kwa hiyo kuhusu swali lako la washauri, wanajua sana, wanajua mpaka wanaweka kwenye mkataba. Wafaransa walishafika huko mapema zaidi, François Mitterrand mwaka 1981 kabla ya kukubali kukutana na Valéry Giscard d'Estaing alituma watu wake wakaweka masharti zaidi ya 20, mojawapo kwamba mtu akiongea kamera ibaki kwake, isikimbilie uso wa mwenzake. Alikuwa ameshapigwa na Giscard huyohuyo kwenye mdahalo wa 1974 kwa hiyo alijua alichokuwa anakiogopa.

Halafu kuna wanaoutumia uso makusudi. Joe Biden mwaka 2012, mdahalo wa wagombea wenza na Paul Ryan, alicheka karibu muda wote Ryan akiongea, watu wa chama chake wakafurahi kwa sababu wiki iliyotangulia Obama alikuwa amefanya vibaya kwenye mdahalo wake kule Denver, kainamia karatasi zake kama hataki kuwepo, ila wengine waliona huyu mzee anamdharau kijana. Mwaka 2024 ndo tukaona pande zote mbili za jambo hili ndani ya miezi mitatu. Tarehe 27 Juni kule Atlanta maiki za asiyeongea zilizimwa, ukumbi hauna watazamaji, skrini imegawanywa, na Biden huyohuyo uso ukabaki umeganda, mdomo wazi, macho yanaangalia mbali, na tarehe 21 Julai akajitoa kugombea. (Sio uso peke yake, sauti ilikuwa imekauka na sentensi kadhaa hazikufika mwisho, ila picha iliyobaki kwa watu ni ule mdomo.) Septemba 10 Kamala Harris, aliyechukua nafasi ya Biden, akasimama Philadelphia kwa sheria ileile ya maiki kuzimwa, na yeye akafanya uso kuwa maiki, anainua nyusi, anashika kidevu, anamtazama Donald Trump moja kwa moja wakati Trump karibu muda wote kaangalia mbele tu hamtazami.

Mi maoni yangu ni haya, na nayasema nikijua wapo watakaonipinga. Uso wa anayesikiliza una thamani kwa mpiga kura, sio wa kupuuza. Urais ni kazi ya kusikiliza mambo usiyoyataka kuanzia asubuhi mpaka usiku, kwa hiyo nikiona mtu hawezi kuvumilia dakika mbili za kupingwa bila kusonya napata kitu cha kujua. Ila nataka nikione kwenye mdahalo mzima, dakika zote 90, anarudia, sio kwenye klipu iliyokatwa na mtu anayemchukia. Pumzi moja ni pumzi tu.

Na nikuongezee moja niipendayo. Septemba 23, 1976, Philadelphia, Gerald Ford na Jimmy Carter wako katikati ya mdahalo, sauti ikakatika nchi nzima. Dakika 27! Na muda wote huo wawili hawa walibaki wamesimama kila mmoja kwenye mimbari yake, hawakusemezana, kila mtu anaogopa kuwa wa kwanza kukaa chini asije akaonekana dhaifu. Hapo hakuna neno hata moja, ni mwili tupu kwa karibu nusu saa, na ukiniuliza ulisema nini kuhusu nani angekuwa rais bora nitakujibu haukusema kitu, ulionyesha tu watu wawili wanaoogopa kamera kwa kiasi kilekile.

Bodaboda, Kigoma: Ni kweli kuna rais aliangalia saa akashindwa uchaguzi?

Aliangalia, ndio. George Bush baba, Richmond, Virginia, 15 Oktoba 1992, mdahalo ambao wananchi ndo waliuliza. Dada mmoja anauliza deni la taifa limekugusa vipi wewe binafsi, Bush kamera ikamkuta anaangalia saa, halafu jibu lake likaanza kwa kutoelewa swali. Zamu ya Bill Clinton ilipofika akasogea mbele mpaka karibu na yule dada akamuuliza wewe limekugusaje. Miaka baadaye Bush alikiri kwa mtangazaji Jim Lehrer kwamba alikuwa anahesabu dakika zimebaki ngapi za ule upuuzi, kwa hiyo safari hii watu walimsoma sawasawa. Ila alikuwa nyuma kwenye kura za maoni hata kabla ya siku hiyo, uchumi ulikuwa umembana, na mgombea wa tatu Ross Perot alichukua karibu asilimia 19 ya kura, kwa hiyo saa haikumwangusha. Kilichomuumiza zaidi kwa maoni yangu ni kutoelewa swali, saa ilikuja kuwa picha ya hilo.

Dada, Mwanza: Mdogo wangu alipata ugonjwa utotoni, upande mmoja wa uso haufanyi kazi, akicheka mdomo unaenda upande. Ana akili na anapendwa mtaani, anataka kugombea uenyekiti wa mtaa lakini kuna mdahalo wa wagombea na vijana wa upande wa pili wameshaanza kutuma picha zake WhatsApp za kumcheka. Anataka kujitoa. Nimwambieje?

Dada, pole sana, na mwambie asijitoe. Muonyeshe habari ya Jean Chrétien wa Canada. Huyu naye uso wake ulipooza upande mmoja tangu utotoni, akiongea mdomo ulikuwa unaenda pembeni, na alishakua na kuzeeka kwenye siasa akiwa hivyohivyo. Uchaguzi wa 1993 chama kilichokuwa madarakani kikatoa tangazo la TV lenye picha za uso wake zilizopigwa kwa pembe mbaya, na swali la kama huyu kweli anafaa kuwa waziri mkuu. Wananchi walikasirika, na si wapinzani tu, hata wagombea wa chama kilekile kilichotoa tangazo walipiga simu kulalamika, waziri mkuu Kim Campbell akaamuru litolewe. Chrétien yeye alijibu kwa utulivu kwamba Mungu alimpa hiyo kasoro na ameikubali tangu mtoto. Chama kile kilikuwa na wingi wa wabunge, kikatoka na wabunge wawili. Wawili nchi nzima! Kilikuwa na matatizo mengine makubwa, sio tangazo peke yake, lakini Chrétien aliingia akakaa uwaziri mkuu miaka 10.

Kwa hiyo mdogo wako aseme mwenyewe, mapema, sentensi moja tu mwanzoni mwa mdahalo kwamba uso wangu uko hivi tangu utotoni, kisha aingie kwenye maji na taka na taa za barabarani. Asieleze sana wala asiombe radhi. Watu wakishajua sababu hawaanzi kujitungia nyingine, na hapo ndo zile picha za WhatsApp zinakosa nguvu. Kama kutakuwa na kamera mwende mapema mkaombe taa isitoke upande mmoja maana inaongeza vivuli.

Na kwa wasomaji wote, hii si ya siasa: mtu wako uso ukimwanguka upande mmoja ghafla, leo, mpeleke hospitali hapohapo, usisubiri kesho, inaweza kuwa kiharusi.

Nimeguswa na hii barua kuliko zote. Kuna utafiti wa Alexander Todorov na wenzake wa 2005, walionyesha watu picha za wagombea wa Seneti ya Marekani kwa sekunde moja tu wakauliza nani anaonekana ana uwezo, na majibu yakalingana na mshindi karibu asilimia 70. Wengine mwaka 2009 wakachukua watoto wa Uswisi wakawaonyesha picha za wagombea ubunge wa Ufaransa wakawauliza ungependa nani awe nahodha wa meli yako, watoto nao wakaelekea kuwachagua walioshinda kweli. Yaani tunahukumu sura kabla hatujajua tunahukumu. Ila hizo ni picha za watu usiowajua kabisa. Mtaani kwenu mdogo wako anajulikana, na hiyo ni faida ambayo seneta hana.

Mwanafunzi wa chuo, Nairobi: Na mgombea asipotokea kabisa, hiyo nayo si body language?

Ni lugha, sema ya mwili ambao haupo. Mwaka 2013 mlikuwa na wagombea wote wanane jukwaani shule ya Brookhouse, Februari 11, mdahalo wa kwanza wa urais Kenya, na raha yake ilikuwa kuona Uhuru Kenyatta anavyomsikiliza Raila Odinga na Raila anavyomsikiliza Uhuru, na Martha Karua mwanamke peke yake kati ya wanaume saba. Julai 24, 2017 Uhuru hakuja, Raila akajibu maswali peke yake. Julai 26, 2022 Raila ndo hakuja, William Ruto akasimama peke yake. Aliyekuja peke yake mara ya kwanza hakutangazwa mshindi, aliyekuja peke yake mara ya pili alitangazwa, kwa hiyo huwezi kusema kukwepa kunaua au kunaokoa. Ila mwananchi ananyimwa kilekile nilichomwambia dada wa Mombasa, ule uso wa mtu anapopingwa na mwenzake. Mtangazaji hata akali vipi hawezi kuwa mpinzani.

Mpwa wa mgombea, Lindi: Shangazi yangu anagombea udiwani, wamemwalika mdahalo redio ya hapa kwetu na utakuwa laivu Facebook. Wenzake wanamwambia atabasamu muda wote, yeye si mtu wa kucheka ovyo. Tumsaidie vipi?

Asitabasamu muda wote, jamani. Mtu anaulizwa kuhusu wajawazito wanaojifungulia njiani yeye anachekacheka, itakuwa vibaya sana, na uso wa kulazimisha unachoka, dakika ya 20 unaanza kutetemeka mashavuni. Hili jambo la kuwaambia wanawake watabasamu halina mwisho mzuri pia, Hillary Clinton mwaka 2016 alilaumiwa kwenye kipindi cha TV kwa kukosa tabasamu, wiki chache baadaye akatabasamu kwenye mdahalo wakamlaumu kwa kutabasamu. Wanaume waliokuwa naye hawakupewa huo mtihani. Shangazi abaki na uso wake wa siku zote, kata nzima inaujua.

Mazoezi mfanye hivi. Mmoja wenu akae mbele yake awe mpinzani, amseme vibaya kwelikweli, yale yale yanayosemwa sokoni, na simu iwe inamrekodi shangazi akisikiliza, sio akiongea. Mwangalie pamoja, kwanza sauti mkiwa mmezima, halafu mara ya pili sikilizeni sauti bila picha maana ni redio na wasikilizaji wengi watakuwa hawamwoni. Kama anabetua mdomo au anaguna ataona mwenyewe, hamna haja ya kumwambia. Dawa ya kuguna ni kumpa mkono kazi, awe na kalamu na karatasi aandike neno moja la kumjibu mwenzake, ila akishaandika ainue kichwa amtazame anayeongea, asizame kwenye karatasi.

Mwulizeni mtu wa redio simu ya Facebook itasimamishwa wapi na itakuwa inamwangalia nani, maana studio nyingi ndogo simu moja inawekwa kwenye stendi pembeni, wagombea wanasahau kabisa kama iko hewani hata wakati wa matangazo ya biashara, na hapo ndo mtu anamgeukia mwenzake anasema lisilosemeka. Aombe kiti kisichozunguka. Studio zikifunga milango zinakuwa na joto, kwa hiyo avae kitambaa chepesi, awe na leso na maji karibu, na kama ana presha au sukari ale kabla hajatoka nyumbani. Akianza kutoka jasho ajifute tu waziwazi, aendelee na kisima cha kata.